Babu Amesimama Mara Ngapi

Jumamosi, 3 Januari

Madamu Uwamahoro, anayetufundisha Kiswahili, alitupa kazi hii kabla ya likizo: tuandike shajara mpaka mwisho wa mwaka wa shule, hata kama siku ina mstari mmoja tu. Alisema hatasoma ndani, atafunua kurasa aone kama zimejaa. Kwa hiyo nitaandika yaliyo kweli.

Naitwa Gasaro, nina miaka kumi na minne. Nakaa Kamembe na Babu na Bibi kwa sababu ya shule. Wazazi wangu wako Bugarama kwenye kinu cha mpunga. Babu ni Mzee Latifu. Huko Bugarama wanamwita Latifu wa Mbegu, maana kwa miaka arobaini watu hawakumwaga mbegu ya mpunga kitaluni kabla yeye hajaipima. Sasa anayepimwa ni yeye. Moyo mzima, kila unapopiga, hutoa zaidi ya nusu ya damu iliyomo. Wa Babu hutoa robo.

Leo muuguzi Gaudiose wa kituo cha afya ametupa vidonge vya mwezi mzima, na amenikabidhi mimi. Muhimu zaidi ni kidonge cheupe cha kutuliza mapigo, kimoja kila asubuhi. Nimechora jedwali daftarini: tarehe, kidonge, alama ya vema. Nimetumia rula.

Alasiri nilimsindikiza Babu msikitini. Kutoka langoni kwetu ni hatua mia tatu na kumi. Alisimama mara nne. Hasemi amechoka. Husimama kama mkaguzi: alikagua ukuta wa jirani, mbuzi wawili, nguzo ya umeme, halafu ziwa kule chini, kana kwamba limewekwa jana.

Jumapili, 4 Januari

Mzee Byiringiro amekuja na mfuko wa mbegu aliyovuna mwezi uliopita. Ni Mnyarwanda aliyezaliwa Kongo, Mprotestanti, na mwenzake Babu wa mashamba tangu aliporudi. Babu alihesabu punje mia moja, akazipanga kwenye kitambaa kilicholowa, akakikunja na kukiweka juu ya kabati karibu na jiko. Baada ya siku saba tutafungua tuhesabu zilizoota.

Vema ya pili. Amesimama mara nne.

Jumatano, 7 Januari

Shule imefunguliwa. Mvua kidogo. Vema.

Jumapili, 11 Januari

Tumefungua kitambaa. Kati ya punje mia moja, tisa zimeota.

"Bon," akasema Mzee Byiringiro, "hii imekufa. Nitapatia kuku."

"Kuku yako haina haraka," akasema Babu. "Mbegu ya juzi juzi inalalaka. Kitu kenye kulala na kitu kenye kufa, ukiangalia kwa inje biko sawasawa."

"Na weye utajua namna gani?"

"Nitaiamsha. Ikikataa, njo utaita kuku."

Amemwagiza aanike mfuko juani siku tatu, kisha alowanishe punje mia nyingine kwa maji ya moto ya chemchemi ya Mashyuza, na azilete tena. Mzee Byiringiro aliondoka akinung'unika kwamba sasa amekuwa mtu wa kubeba mbegu zake kwenda kuoga kama maharusi.

Jumanne, 20 Januari

Kitambaa cha pili kimefunguliwa leo: themanini na nane. Mzee Byiringiro alihesabu mara mbili, halafu akasema kuku zake hazimuamini tena. Ataimwaga kitaluni kesho.

Vema. Amesimama mara tano.

Jumanne, 27 Januari

Bibi ana upendeleo. Kila asubuhi Babu ana uji wake kwenye kikombe cha buluu, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kukigusa. Leo nilitaka kuonja kidogo, akanipiga kofi mkononi.

"Hiyo ni ya muzee."

"Bibi, ni uji uleule."

"Basi kunywa yako."

Na kila asubuhi namsikia jikoni akitwanga iliki kwa kile kinu kidogo cha viungo, lakini uji wangu hauna iliki hata ya kunusa. Yote inaenda kwa Babu.

Jumamosi, 7 Februari

Babu anakuwa mzito. Nilimuuliza kama anameza dawa vizuri. Alinitazama kwa huruma. "Gasaro, si unaonaka natia mu kinywa?" Ni kweli. Namwangalia kila alfajiri: anatia kidonge mdomoni, anakunywa maji, anafunga macho kwa uchungu, anasema alhamdulillahi, anatoka uani kutia udhu. Kisha naweka vema.

Amesimama mara sita. Ameanza kukagua vitu ambavyo tayari alishavikagua.

Alhamisi, 12 Februari

Miche ya Mzee Byiringiro imehamishiwa shambani. Babu hakwenda. Ni mara ya kwanza tangu kabla Papa, baba yangu, hajazaliwa.

Jumanne, 24 Februari

Ramadhani imeingia. Daktari na imamu wote wawili wamemkataza Babu kufunga. Anaona haya. Kwa hiyo daku anakula na waliofunga, ftari anakula na waliofunga, na mchana Bibi anamlisha nyuma ya pazia la jikoni. Mzee Byiringiro amesema hajawahi kuona Mwislamu anayefunga kwa kula mara tatu.

Lakini leo jambo kubwa ni barua kutoka Kigali. Dokta Ndizeye, daktari wa moyo, anataka Babu aende tarehe 10 Machi kwa kipimo. Nimeisoma yote kwa kamusi, maana ni ya Kifaransa. Mishipa mitatu inayoulisha moyo wa Babu imeziba. Wanaweza kumpasua na kushona mishipa mingine, iliyotolewa mguuni na kifuani, ili damu ipite pembeni ya palipoziba. Lakini ni upasuaji mkubwa, na kwa moyo dhaifu kama wake una hatari. Hauna faida kama misuli isiyocheza imekwisha kufa. Una faida kama bado iko hai. Basi kwanza watapima hilo.

Chini kuna masharti. Siku mbili kabla, na siku yenyewe, asimeze kile kidonge cheupe, kwa sababu kinauzuia moyo usiijibu dawa ya kipimo. Asile kwa muda wa saa nne kabla ya kupimwa.

Bibi aliuliza, "Karatasi inasema nini?"

Nikamwambia, "Ni mambo ya daktari, Bibi. Nitayashughulikia mimi."

Babu nilimweleza. Aliposikia siku tatu bila kidonge alifurahi sana, akasema daktari huyo ana akili.

Jumapili, 8 Machi

Leo hakuna kidonge. Kwenye jedwali nimechora mstari mdogo kwa rula, si vema. Amesimama mara sita.

Jumanne, 10 Machi, Kigali

Jana tulisafiri na Bibi kwa basi, ukungu mzito msituni Nyungwe, Babu akilala begani kwangu. Tulilala kwa binamu ya Babu, mtaa wa Nyamirambo. Leo kabla ya alfajiri Bibi alimpa uji wake wa daku katika kikombe cha buluu, ambacho kumbe alikifunga kwenye mizigo, na baada ya hapo hakula kitu. Nilihesabu saa mimi mwenyewe.

Dokta Ndizeye alikulia Uvira, kwa hiyo anazungumza kama sisi. Ana sauti ya pole na viatu vya rangi ya chungwa. Alimwonyesha Babu moyo wake kwenye kioo cha mashine.

"Mzee, unaona? Huku inacheza. Huku mbele, vipande saba hivi, haicheze. Iko mambo mbili: imekufa, ao inalala sababu damu haiifikie muzuri. Nitatia dawa kidogo kidogo mu mushipa, ya kuigongea mulango. Kenye kulala kitajibu."

Babu alinitazama. "Ni kitambaa yangu hii," akasema.

Nilikaa pembeni na daftari. Dawa ilianza kushuka kwa matone. Dokta Ndizeye alitazama kioo, akamwambia msaidizi aongeze, akatazama tena. Mapigo ya Babu yalikuwa hamsini na nane. Yakafika sitini. Yakafika sitini na tatu, yakabaki hapo. Upande wa mbele ulikuwa umetulia kama ukuta.

Daktari alikunja uso. "Kidonge cheupe kiliachwa?"

Nilisimama kama ninaulizwa darasani. "Ndiyo, daktari. Siku tatu." Nikamwonyesha jedwali. Alilisifu. Alisema laiti wagonjwa wake wote wangekuwa na mjukuu kama mimi. Niliona fahari, na sasa nikiiandika fahari hiyo naona haya, maana dakika chache baadaye alifuta jeli kifuani mwa Babu, akavuta kiti, akasema:

"Leo sikuona jibu, mzee. Kipande kimoja labda. Hapo siwezi kukupeleka kwa upasuaji, hatari itakuwa kubwa na faida kidogo. Tutaendelea na dawa, turudi kuangalia baada ya miezi tatu."

Babu alisema aksanti. Akavaa shati na kufunga vifungo vyote, hata cha shingoni.

Jumatano, 11 Machi

Tumerudi. Vidonge vimeanza tena. Vema. Hakwenda msikitini.

Jumamosi, 14 Machi

Mvua siku nzima. Alisimama mara saba. Ya saba alikaa kabisa, kwenye ngazi za duka, na hakusingizia kukagua kitu. Nilikaa naye. Tulitazama maji yakishuka mfereji.

"Gasaro," akasema, "ukipima mbegu ikakataa, usiikasirikie. Haikuahidi kitu."

Jumatatu, 16 Machi

Vema.

Jumatano, 18 Machi

Nina mengi. Nimechonga penseli mara mbili.

Baada ya shule nilikuta Mzee Byiringiro barazani. Mito imejaa Bugarama na buti zake za mpira zimepasuka, kwa hiyo alikuja kuazima za Babu, zile za shambani, ambazo hazijavaliwa tangu mwaka jana. Bibi alizitoa nyuma ya mlango. Mzee Byiringiro akatia mguu wa kushoto, sawa. Akatia wa kulia, akasimama.

"Latifu. Umepanda kitu humu?"

Babu, aliyekuwa amelala kwenye kiti chake, alifungua macho mara moja. "Acha hizo. Chukua za muntu mwingine."

"Mbona, ziko mbegu ndani. Zinanichoma vidole." Akavua, akaigeuza buti juu ya mkeka.

Vikamwagika vidonge. Vyeupe, vingine vimeshikana viwili viwili, vingine vimeyeyuka ukingo kama peremende iliyolambwa. Vingi. Mzee Byiringiro akasema taratibu, "Hii aina siijue. Inaota ku siku ngapi?"

Nilivihesabu kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu. Sitini na tisa. Jedwali langu lina vema sabini na mbili.

"Zile tatu," Babu akasema, "zilipita kwa bahati mubaya."

Sasa najua jinsi alivyofanya. Kidonge chini ya ulimi, maji, uchungu wa uongo, alhamdulillahi, kisha udhu: anaposukutua mdomo kinatoka. Hakuvitupa kwa sababu kutupa kitu kizima ni israfu. Alisema kidonge kile kinamlaza, kinamfanya mzee kabla ya wakati.

Nililia. Niliona vema zote sabini na mbili, na rula, na daktari akinisifu. Nilisema, "Babu, hukunywa dawa hata siku moja. Miezi miwili na nusu."

Hapo Bibi akacheka. Aliziba mdomo kwa kanga lakini kicheko kilimshinda.

"Alikunywa," akasema. "Kila siku."

Kumbe Januari ileile, akifua, aliokota kidonge kwenye leso ya Babu. Hakusema. Alituma karatasi ya zamani ya daktari kwa mama mmoja mbebaji anayevuka mpaka wa Rusizi ya Kwanza kwenda Kongo kila siku, ikafika kwa dada yake Bukavu, na dada akamnunulia vidonge vilevile. Kila asubuhi Bibi alikitwanga kimoja kwenye kinu cha viungo na kukitia kwenye kikombe cha buluu.

"Weye ulikuwa unaninywesha dawa?" Babu akauliza.

"Na weye ulikuwa unamudanganya mutoto."

"Njo maana nililegea. Nikajisemea, hii dawa ni kali, hata chini ya ulimi inafanya kazi."

Mzee Byiringiro alicheka mpaka akakaa chini na buti moja mguuni.

Mimi nilikuwa nimeacha kulia. Kitu kilikuwa kinatembea kichwani mwangu polepole.

"Bibi," nikasema. "Kule Kigali. Uji wa daku, siku ya kipimo. Ulitia?"

"Nilitia, ndiyo. Siku kubwa kama ile moyo usitulizwe?"

"Na siku mbili kabla?"

"Kila siku, nakuambia."

Nikaenda kuleta barua. Nikaisoma kwa sauti pale barazani, kwa mara ya kwanza mbele ya Bibi, Kifaransa kisha Kiswahili, mpaka mstari wa kidonge cheupe. Bibi hakucheka tena. Alikaa kwenye mkeka kati ya vidonge. Baadaye akaniuliza, bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma: "Siku ile nilikuuliza karatasi inasema nini. Ungeniambia."

Ni kweli. Aliniuliza. Nimerudi kurasa nyuma nikasoma nilivyomjibu, nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Babu alijiinua kitini akakaa sawa. Halafu akasema kwa sauti yake ya zamani, ile ya kitaluni: "Muntu akiniletea kitambaa mbegu haikuota, namuuliza kwanza: ulilowesha? Kama kitambaa kilikuwa kikavu, hiyo haikuwa kipimo. Mbegu haina kosa." Akasimama, akashika nguzo ya baraza. "Pigia dokta simu."

Nilipiga mimi. Nilimweleza yote, hata buti, hata uongo wangu ambao sikujua ni uongo. Upande wa pili kulikuwa kimya muda mrefu, nikadhani amekasirika. Kumbe alikuwa ameweka simu kando acheke. Kisha akarudi akasema kwa pole kwamba sasa mapigo yale sitini na tatu yana maelezo, kwamba kipimo kile hakihesabiki, na kwamba nimefanya vizuri kupiga. Turudi kupima tena tarehe 31.

Ijumaa, 20 Machi

Idi. Babu alivaa kanzu mpya. Amesimama mara sita. Bibi alimpa kidonge mbele ya wageni wote na kumwambia, "Fungua kinywa. Inua ulimi." Watoto wa jirani wakapiga foleni nao wakaguliwe ndimi.

Jumapili, 22 Machi

Jedwali limebadilika. Safu moja yangu, ya vema. Safu moja ya Bibi. Yeye anachora duara dogo kama chapati. Kidonge hakihesabiwi mpaka alama ziwe mbili.

Jumamosi, 28 Machi

Bibi ameniomba nimsomee barua tena, yote, polepole. Niliposoma "asinywe kahawa" aliniuliza, "Na chai?" Sikuwa nimeliona. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: wala chai. Babu hunywa chai ya tangawizi kila basi linaposimama.

Nilidhani mimi ndiye muuguzi wa nyumba hii na Bibi ni jiko. Nimeandika hivyo ili nikumbuke.

Jumanne, 31 Machi, Kigali

Siku tatu bila kidonge cheupe, kwa alama za watu wawili. Vidonge vya Bukavu Bibi alivifunga kwenye pindo la kanga na kuvilalia. Uji ulikuwa wa mtama, maji na sukari. Mimi nilionjeshwa kwanza, kutoka kikombe cha buluu. Hauna ladha yoyote ya pekee.

Dokta Ndizeye alimruhusu Bibi aingie pia. Alimwambia, "Maman, leo ni weye kiongozi wa kazi." Bibi alikaa wima na mkoba magotini.

Mapigo yalianza themanini. Matone yakaanza. Themanini na tano. Tisini na mbili. Nilitazama upande wa mbele na kwa dakika kadhaa ulikuwa ukuta uleule, na nilijiambia haukuahidi kitu. Kisha kipande kimoja, chini kushoto, kikasogea. Kidogo, kama mtu anayevuta shuka usingizini. Nikadhani ni macho yangu. Daktari akasogeza kifaa, akajisemea "ehe". Kikasogea cha jirani yake.

"Onyesha mama yule," Babu akasema. Hakuwa anatazama kioo. Alikuwa anamtazama Bibi akitazama.

Daktari alihesabu kwa kidole: vipande saba vilivyolegea, vitano vimejibu. Viwili ni kovu, havitarudi.

"Tano ku saba," Babu akasema. "Mi napandaka hata kwa chini ya hapo."

"Hiyo si ahadi, mzee," akasema Dokta Ndizeye. "Ni sababu ya kujaribu. Upasuaji unabaki na hatari yake."

"Najua. Hata ukipanda mbegu muzuri, mvua ni ya Mungu."

Bibi aliuliza maswali kumi na moja. Niliyaandika yote na majibu yake.

Ijumaa, 3 Aprili

Tumefunga muhula. Nimekuwa wa pili darasani. Mpunga wa Mzee Byiringiro umefika magotini.

Jumanne, 21 Aprili, Kigali

Wamemchukua kwa upasuaji saa moja na nusu asubuhi. Kabla hajapelekwa alinipa saa yake ya mkononi niitunze, na akamwambia Bibi kwamba akirudi hataki uji mwezi mzima.

Mzee Byiringiro alitoka Bugarama jana kuja kukaa nasi. Tulikaa benchi moja: Papa, Bibi na tasbihi yake, Mzee Byiringiro na Biblia yake ndogo yenye gamba la nailoni, na mimi.

"Maman Kamali," alimwambia Bibi, akimwita kwa jina la Papa kama anavyofanya siku zote, "weye omba kwa mulango yako, mi naomba kwa yangu. Atasikia tu, nyumba ni moja."

Saa tano. Saa sita. Bibi alitoa chapati, hakuna aliyekula. Saa saba Papa alikwenda kusimama dirishani. Niliangalia saa ya Babu na nikaona jambo la kipumbavu: mshale wa sekunde unasimama kidogo kila hatua, kisha unaendelea. Nilihesabu vituo vyake mpaka elfu moja na mia mbili.

Saa tisa kasoro, daktari mpasuaji alitoka amevaa kofia ya kitambaa. Mishipa mitatu imeshonwa. Moyo, uliosimamishwa wakati wa kushona, umeanza kupiga wenyewe.

Bibi alisema alhamdulillahi, Mzee Byiringiro akasema haleluya, kwa pamoja, na sikumsikia vizuri huyu wala yule. Halafu tulikula chapati zote.

Jumatano, 22 Aprili

Amefungua macho. Neno la kwanza: maji. La pili: mbolea ya Byiringiro, imetiwa?

Jumanne, 5 Mei

Babu yuko nyumbani. Ana kovu refu kifuani na lingine mguuni, na mto mdogo wa kukumbatia akikohoa. Bibi haruhusu mtu amchekeshe. Mzee Byiringiro amepigwa marufuku ya wiki mbili.

Vema na duara.

Jumapili, 17 Mei

Mara ya kwanza kwenda msikitini. Alisimama mara tano. Daktari alishasema: misuli iliyolala muda mrefu haiamki siku moja, tuipe miezi.

Jumamosi, 23 Mei

Mara nne.

Jumapili, 31 Mei

Mara nne tena. Nilisikitika kidogo. Babu alisema mpunga nao kuna wiki hauongezeki juu, unashughulika na masuke.

Jumamosi, 6 Juni

Mara mbili. Ya pili ni mbuzi. Nadhani safari hii aliwatazama kweli.

Jumatano, 10 Juni

Tulikwenda Kigali kupimwa. Moyo ulikuwa ukitoa ishirini na sita kwa mia. Leo ni thelathini na tano. Dokta Ndizeye alisema bado unaweza kupanda. Babu akauliza kama anaweza kwenda shambani. Daktari akamtazama Bibi. Bibi akafikiri, akasema, "Ukingoni tu."

Jumamosi, 20 Juni, Bugarama

Mavuno. Joto la Bugarama linakaa juu ya kichwa kama beseni. Babu alivaa buti zake za mpira, baada ya Bibi kuzigeuza na kuzipiga nyayo mbele ya watu, na alitembea juu ya tuta hadi mwisho wa shamba la Mzee Byiringiro.

"Tazama," akasema Mzee Byiringiro, akikamata shada la masuke. "Hizi ni zile nilitaka kupatia kuku."

"Na kuku zinasema nini?"

"Zinakusalimia kwa hasira."

Babu aliweka punje moja menoni, akaivunja, akasikiliza. Akajaza kibuyu kidogo: mbegu za kupima msimu ujao.

Jumatatu, 22 Juni

Madamu Uwamahoro ametukumbusha: kurasa wiki hii. Zangu zimejaa. Nimeshona na nyongeza.

Jumamosi, 27 Juni

Asubuhi: vema na duara. Vidonge vya Bukavu vimekwisha, na Bibi amerudisha kinu kwenye kazi yake. Uji wa nyumba nzima sasa una iliki.

Alasiri tulitoka kwenda msikitini, Babu mbele, mimi nyuma na daftari. Alipita ukuta wa jirani. Akapita mbuzi. Akapita nguzo ya umeme akizungumza bila kukata pumzi, akinieleza kwa nini punje mia na si hamsini. Nilikuwa naandika huku natembea, na ukanda wa kiatu changu ukafunguka. Nikainama kuufunga. Niliponyanyua kichwa alikuwa amefika pale ziwa linapoonekana, amegeuka, mikono nyuma.

"Mutoto wa Kamali," akaita. "Umechoka?"

Leo alisimama mara moja: kunisubiri mimi.